Mlima ukizama, matumbawe hubaki

*Wanafunzi wa Nyeri hukariri asili ya atoli kwa ajili ya mtihani. Wataalamu bado wanaibishania, na mamia ya maelfu ya watu wanaoishi juu ya visiwa hivyo wanasubiri kujua hatima yao.*

Jumamosi jioni, katika nyumba moja ya Majengo mjini Nyeri, mwanafunzi wa kidato cha tatu amefungua kitabu cha jiografia mezani, kando ya sahani ya nduma na kikombe cha chai ya rangi. Anakariri majina matatu: Darwin, Murray, Daly. Mtihani utamtaka aeleze nadharia zao kuhusu asili ya atoli na achore hatua zake. Michoro ameshaishika. Bahari hajawahi kuiona.

"Mjomba," ananiuliza, "hii atoli kwetu Kenya iko wapi?"

Haipo. Pwani yetu ni ukingo wa bara, na matumbawe yake yameandamana na ufuo kuanzia Malindi hadi Shimoni. Atoli ni kisiwa, au msururu wa visiwa, uliokaa kama pete katikati ya bahari kuu, bila bara nyuma yake. Ndiyo maana kitabu kinampeleka Pasifiki, mbali na chochote anachokijua.

Hakukuwa na haja ya kumpeleka mbali hivyo. Ukitoka uani penye nyumba hiyo siku ambayo wingu limeondoka, unauona Mlima Kenya. Hapo ndipo mchoro unapoanzia.

Volkeno iliyochakaa

Mlima Kenya ni volkeno iliyozimika zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Wanajiolojia wanaamini kwamba uliwahi kupita mita 6,000. Leo kilele cha Batian kina mita 5,199. Batian na Nelion ni mwamba mgumu ulioganda kooni mwa volkeno, ukabaki umesimama baada ya mvua, barafu na mito kuukwangua mlima uliouzunguka. Udongo mwekundu wa mashamba ya kahawa na chai ya Nyeri umetokana na mawe na majivu ya Mlima Kenya na Nyandarua yaliyooza kwa muda mrefu.

Sasa uweke mlima wa namna hiyo katikati ya bahari yenye kina cha mita 4,000. Utachakaa vilevile, na juu ya kuchakaa utazama. Ganda la dunia lililo chini ya bahari, likiwa changa, huwa la moto na huwa limeinuka. Likipoa huwa zito, likadidimia, na mlima ulioketi juu yake hushuka nalo kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka.

Katika maji ya joto, matumbawe huwa yameushika mlima huo pande zote. Tumbawe ni mnyama. Ni kidudu laini chenye upana wa milimita chache, kinachojijengea kikombe cha chokaa kutokana na madini ya maji ya bahari, na hukaa bega kwa bega na maelfu ya wenzake. Ndani ya nyama yake huishi mwani usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa.

Bila jua, tumbawe halina maisha. Mlima ukishuka, matumbawe ya chini hufa gizani, na ya juu hujenga juu ya mifupa ya yale yaliyotangulia. Mwanzoni mwamba wa matumbawe huwa umegusana na ufuo. Mlima ukizidi kuzama, mwamba hubaki mbali na nchi kavu, na maji matulivu hutokea katikati. Mwishowe kilele nacho huzama. Kinachobaki ni pete ya matumbawe iliyozunguka lagoni, yaani ziwa la maji chumvi lililokingwa na mawimbi.

> Darwin aliiwaza nadharia yake akiwa Amerika Kusini, kabla hajaona mwamba halisi wa matumbawe hata mmoja.

Charles Darwin alifika kwenye atoli za Keeling, katika Bahari ya Hindi, mwezi Aprili 1836 akiwa ndani ya meli ya Beagle, akachapisha kitabu chake juu ya matumbawe mwaka 1842. Ushahidi mkubwa ulimchelewa kwa zaidi ya karne. Mwaka 1952, Wamarekani waliokuwa wakijiandaa kulipua mabomu ya nyuklia walitoboa atoli ya Enewetak, Pasifiki. Walipita zaidi ya mita 1,200 za chokaa ya matumbawe kabla ya kugonga jiwe la volkeno. Matumbawe yanayohitaji jua hayawezi kuota kwenye kina hicho. Lazima chini yake palishuka.

Ngazi ya Komoro

Kama ningekuwa na uwezo wa kubadilisha kitabu hicho, ningeondoa picha ya Pasifiki na kuweka Komoro. Ni jirani zetu, lugha zao ni ndugu za Kiswahili, na visiwa vyao vinne vimejipanga karibu kama mchoro wenyewe.

Magharibi kuna Ngazidja, ambako volkeno ya Karthala, yenye urefu wa mita 2,361, bado iko hai. Ililipuka mwaka 2005, ikarudia 2006 na 2007. Kisiwa ni kichanga na matumbawe yake ni machache, yamebana ufuoni. Ukienda mashariki unapita Mwali na Nzuani, kisha unafika Maore, kisiwa kikongwe kuliko vyote. Mlima wake mrefu hauzidi mita 660 hivi. Umelika, umezama, na mwamba wa matumbawe umeuzunguka kwa mbali ukifunga lagoni ya zaidi ya kilomita za mraba 1,000.

Kaskazini-mashariki mwa Maore kuna miamba ya Zélée na Geyser. Huko hakuna tena mlima unaoonekana. Ni matumbawe tu juu ya volkeno zilizokwisha zama, na maji yakitoka sana ndipo sehemu ya Geyser inapochungulia.

Maore pia ilituonyesha kwamba kuzama si habari ya kale peke yake. Kuanzia Mei 2018 kisiwa kilitikiswa na mitetemeko mfululizo. Mwaka mmoja baadaye wanasayansi walikuta volkeno mpya, yenye urefu wa mita 800 hivi, sakafuni mwa bahari kilomita 50 upande wa mashariki. Iliitwa Fani Maore. Miamba iliyoyeyuka ilipotoka chini, kisiwa chenyewe kilishuka kwa zaidi ya sentimita 10, na wakazi wa ufuoni wakaona maji ya bamvua yakiingia mahali ambapo hayakuwa yakifika.

Ubishi ambao haujaisha

Murray na Daly huwekwa kwenye kitabu kama watu walioshindwa hoja. John Murray alisema si lazima mlima uzame. Matumbawe yanaweza kuanza juu ya kilima chochote cha chini ya bahari kilichofika karibu na jua, na lagoni ikatokea kwa chokaa ya katikati kuyeyuka. Reginald Daly alitazama enzi za barafu: bahari ilishuka, mawimbi yakasawazisha visiwa, bahari ikapanda tena na matumbawe yakaota kwenye kingo.

Mwaka 2021, wanajiolojia wawili, André Droxler wa Marekani na Stéphan Jorry wa Ufaransa, waliufufua mjadala. Hawakatai kwamba chini ya atoli nyingi kuna volkeno iliyozama. Wanachosema ni kwamba umbo la pete tunaloliona leo halikuletwa na kuzama huko.

Kwa maelezo yao, kilichokuwapo ni majukwaa mapana ya chokaa. Katika miaka nusu milioni iliyopita bahari imeshuka na kupanda kwa zaidi ya mita 100 mara kadhaa; miaka 20,000 hivi iliyopita ilikuwa chini ya kimo cha leo kwa mita 120. Kila iliposhuka, majukwaa yalibaki nchi kavu. Mvua ikayeyusha chokaa ya katikati na kuacha kingo zimeinuka. Bahari iliporudi, matumbawe yakajenga juu ya kingo hizo.

Kwa maoni yangu, hoja hiyo ina nguvu, na inamrudishia Daly heshima ambayo kitabu cha shule kimemnyima. Darwin anaeleza kwa nini chokaa ni nene kiasi kile. Mvua na barafu zinaeleza kwa nini imechongwa hivi. Mwanafunzi anayeambiwa achague jina moja lililo sahihi anafundishwa kwamba sayansi ilikwisha mwaka 1842.

Mchanga wa pono

Mwamba wa matumbawe peke yake si mahali pa kujenga nyumba. Watu huishi juu ya visiwa vya mchanga na kokoto vilivyorundikwa na mawimbi juu ya pete hiyo. Mchanga wenyewe ni mabaki ya viumbe: vipande vya matumbawe, vya makombe na vya mwani wenye chokaa.

Mtengenezaji mkubwa wa mchanga huo ni samaki anayejulikana katika kila diko la pwani yetu, pono. Ana meno yaliyoungana mithili ya mdomo wa kasuku. Hukwangua mwamba akitafuta mwani, husaga jiwe kooni, na kutoa mchanga mweupe safi. Utafiti uliofanywa katika kisiwa cha Vakkaru, Maldivi, na kuchapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba zaidi ya asilimia 85 ya mchanga mpya unaotengenezwa kwenye mwamba huo hutoka kwa pono.

Kwa hiyo ardhi ya atoli hutengenezwa kila siku. Matumbawe yakifa au pono wakiisha, mawimbi huendelea kuchukua na hakuna wa kurudisha.

> Ardhi ya atoli ni kitu kinachotengenezwa kila siku na viumbe hai.

Maji chini, chumvi pembeni

Maldivi ni nchi ya visiwa karibu 1,200, na sehemu kubwa ya ardhi yake iko kama mita moja na nusu juu ya bahari. Hakuna mto. Mvua huzama mchangani na, kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu yake chini ya kisiwa. Ukichimba kisima hatua chache unayapata. Ukivuta mengi kupita kiasi, chumvi inapanda kutoka chini.

Huko Tuvalu, Pasifiki, watu walichimba mashimo mapana mpaka kwenye maji hayo, wakayajaza majani yaliyooza, na humo wakapanda pulaka. Ni ndugu wa nduma, wa jamii moja, wenye kiazi kikubwa zaidi. Mkulima wa Nyeri anayepanda nduma kwenye tope la kijito angeyatambua mashimo hayo mara moja: majani mapana, miguu majini, jembe linalonata. Tofauti ni kwamba wimbi kubwa likivuka kisiwa na kuingia shimoni, chumvi huua zao lote, na huchukua muda mrefu shimo kupona.

Pamoja na ugumu huo, atoli hazikuwa pembezoni mwa dunia. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Maldivi mwaka 1343 akawa kadhi huko. Aliandika juu ya kauri zilizokuwa zikiuzwa Bengali kama fedha. Msikiti wa Ijumaa wa Malé, uliokamilika mwaka 1658, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochongwa, kama walivyojenga mabwana wa Kilwa na Gede. Watu wa Majengo, ambao wazee wa wengi wao walipanda kutoka pwani kama wapagazi, askari na wachuuzi katika miaka ya kuanzishwa kwa mji wa Nyeri, wanayo haki ya kuiona historia hiyo kuwa yao pia.

Aldabra: kobe na kandambili

Atoli maarufu iliyo karibu nasi ni Aldabra ya Ushelisheli, kilomita zaidi ya 600 kutoka pwani ya Afrika. Ina urefu wa kilomita 34 hivi, na imeinuka kama mita nane juu ya bahari, jambo lisilo la kawaida. Mwamba wake ni mkali kiasi cha kupasua viatu. Maji yakitoka wakati wa bamvua, sehemu kubwa ya lagoni hukauka, na vinaonekana visiwa vidogo vilivyoliwa shingoni na mawimbi vikabaki na vichwa vipana.

Hapo wanaishi kobe wakubwa wapatao 100,000, kundi kubwa kuliko yote duniani. Wao ndio ng'ombe wa kisiwa: wanakata nyasi zikabaki fupi kama zulia, na saa sita mchana hubanana chini ya kivuli chochote, kwa sababu jua la pale huweza kuwaua.

Katika miaka ya 1960 Uingereza ilipanga kujenga uwanja wa ndege wa kijeshi Aldabra. Wanasayansi, wakiongozwa na Royal Society, walipiga kelele, na mpango ukaachwa mwaka 1967. Mwaka 1982 UNESCO ikaiweka katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Hakuna wakazi wa kudumu, ila wafanyakazi wa kituo cha utafiti. Hata hivyo, mwaka 2019 watu waliojitolea walizoa tani 25 za taka ufuoni. Waliokadiria kilichobaki walisema tani 513 bado ziko pale: asilimia 83 ni nyavu, kamba na vifaa vya uvuvi, na asilimia 7 ni kandambili. Kandambili iliyokatika mshipi ikatupwa mtoni inaweza kuishia ambapo kasa anapanda kutaga mayai.

Kobe waliokolewa. Watu wa funguvisiwa la Chagos hawakuwa na bahati hiyo. Diego Garcia, atoli kubwa ya funguvisiwa hilo, ilitakiwa kwa kambi ya jeshi la Marekani, na kati ya mwaka 1968 na 1973 Uingereza iliwaondoa wakazi wote wa Chagos na kuwatupa Morisi na Ushelisheli. Wengi wao ni wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka Msumbiji na Madagaska. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni mwaka 2019 kwamba Uingereza iachie visiwa hivyo, na Mei 2025 Uingereza na Morisi zikatia saini mkataba wa kuvirudisha, huku kambi ikibaki. Sioni namna ya kuandika juu ya maisha ya atoli bila kusema kwamba tisho la kwanza kwa watu hawa lilitoka serikalini, kabla bahari haijapanda.

Je, vitazama?

Hapa ndipo ubishi unapogusa maisha ya watu.

Upande mmoja yuko mtafiti Paul Kench na wenzake, waliolinganisha picha za zamani na za sasa. Mwaka 2018 walionyesha kwamba kati ya 1971 na 2014, visiwa 101 vya Tuvalu kwa jumla viliongezeka eneo kwa asilimia 2.9, ingawa bahari ilikuwa ikipanda. Vingine vilipungua, vingi vilikua. Mawimbi yalileta mchanga na kuurundika.

Upande wa pili yuko mtafiti Curt Storlazzi na wenzake, ambao mwaka huohuo walichapisha hesabu za kisiwa cha Roi-Namur katika Visiwa vya Marshall. Walisema swali si lini kisiwa kitafunikwa. Swali ni lini mawimbi yatakuwa yakikivuka kila mwaka, maji baridi yasipate nafasi ya kujirudia. Walikadiria kwamba atoli nyingi zitafika hapo katikati ya karne hii.

Baadhi ya wasomaji huchukua utafiti wa kwanza kuwa ushahidi kwamba hofu ni bure. Wanakosea. Kisiwa kinaweza kupanuka kwenye ramani huku visima vyake vikiingia chumvi. Tena mchanga uliokikuza ulitoka kwenye mwamba ulio hai.

Na mwamba huo ndio unaougua. Maji yakipanda nyuzi moja tu juu ya joto la kawaida la kiangazi, yakakaa hivyo wiki kadhaa, tumbawe humtoa mwani wake na kubaki jeupe. Joto lisipopungua, hufa. Mwaka 1998 hali hiyo iliangamiza matumbawe mengi ya magharibi ya Bahari ya Hindi, Kenya ikiwemo. Ikarudi 2016. Aprili 2024 ikatangazwa tena duniani kote, mara ya nne. Jopo la kimataifa la tabianchi lilikadiria mwaka 2018 kwamba dunia ikipata joto la nyuzi 1.5, asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe itapotea. Ikifika nyuzi 2, zaidi ya asilimia 99.

> Bahari sasa inapanda zaidi ya milimita 4 kwa mwaka. Mwamba wenye afya unaweza kujitahidi kuifuata. Mwamba uliokufa hauwezi.

Watu wa Nyeri wanayo dalili yao ya mabadiliko. Barafu ya Lewis, juu ya Mlima Kenya, ilipoteza asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Ukavu wa hewa ulianza kazi hiyo, na joto linaimalizia.

Kwenye atoli, watu wameanza kujiandaa: Tuvalu, yenye watu 11,000 hivi, imeingia mkataba na Australia unaowaruhusu watu 280 kila mwaka kuhamia huko. Serikali ya Tuvalu imesisitiza katika mkataba huohuo kwamba nchi yao itabaki kuwa nchi, hata ardhi ikiisha.

Tope la Chania

Kiko kitu kimoja ambacho Nyeri inakitia baharini: tope. Chania ya hapa, siyo ile ya Thika, inapita bondeni chini ya mji, inaungana na Gura, inaingia Sagana, kisha Tana, na kutokea baharini karibu na Kipini. Ukitazama ramani ya matumbawe ya Kenya, kwenye ghuba ya Ungwana kuna pengo. Maji baridi ya mto hupunguza chumvi na tope lake huziba jua, na tumbawe haliwezi kukaa.

Pengo hilo ni la asili. Kinachotia wasiwasi ni tope kuongezeka. Malindi, udongo unaoletwa na Mto Sabaki umefika mpaka ndani ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968. Kwenye Tana, bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, hukamata sehemu kubwa ya udongo wa nyanda za juu, na linajaa tope.

Mwaka 2015 ulizinduliwa mfuko wa maji wa Tana ya juu, unaolipiwa kwa sehemu na kampuni za maji na umeme, kuwasaidia wakulima kuchimba makinga-maji, kupanda matete kwenye kingo na kuvuna maji ya mvua. Bonde la Sagana na Gura ni mojawapo ya maeneo yake. Lengo ni maji ya Nairobi na mitambo ya umeme. Matumbawe hayakuwamo katika hesabu. Yangepaswa kuwamo. Kipimo cha tope linalopita Kipini kikiwekwa pamoja na kile cha Masinga, mkulima wa Tetu anayepanda matete kwenye kingo za shamba lake angelipwa pia kwa kazi anayoifanyia bahari.